Gongo la Kaka Lilivyonenepa

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa pili, mwaka jana, tulimzika kaka yangu. Matanga yalipokwisha, ndugu waligawana vitu vyake: redio, koti la mvua, viatu vya kazi alivyovaa bandarini Port Bell. Mimi nilichukua gongo lake la hoki. Hakuna aliyeligombania.

Ndiye aliyenifundisha mchezo huo tulipokuwa watoto wa askari kule Makindye. Alikuwa na maneno mengi juu ya vifaa. Gongo likipasuka, alisema, lifanye kuni, upikie chai. Kinga ya ugoko ikilegea, itupe kabla mfupa haujakufundisha. Akimwona mtu amezungushia gongo lake utepe, humwuliza limelazwa hospitali gani.

Nacheza beki katika timu ya wanawake. Wengi ni wasichana wa hosteli za Wandegeya, wawili ni polisi, na mimi ninawapikia wali na maharage mtaani kwao. Gongo la kaka lilinijia likiwa na utepe mweusi karibu na mkunjo. Nilidhani ni wa kulikinga na mawe ya uwanja. Lilipoanza kutetemeka mikononi, niliongeza utepe wangu juu, kisha mwingine. Ule wa chini sikuubandua, kwa sababu aliubana yeye kwa vidole vyake.

"Auntie, hilo gongo lina mimba?" wasichana waliniuliza.

Kipa wetu, polisi mwenye asili ya kaskazini, alinitazama kwa huruma ya uongo. "Baganda wakimweka mrithi wa marehemu humpa mkuki. Wewe, dada, wamekupa mgonjwa."

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimeshaamua: mechi ya kwanza ya msimu nitaingia na gongo lake. Sikuwa na njia nyingine ya kumsindikiza.

Siku ya mechi refa alikuja na pete ya chuma. Kila gongo, pamoja na kilichofungwa juu yake, sharti lipite ndani ya pete. Ya wenzangu yalipita. Langu lilikwama kwenye utepe.

"Mama, limenenepa," refa alisema. "Lipunguze, au utafute lingine."

"Lipake sabuni, afande," kipa akamshauri refa.

Nilichuchumaa kando ya mstari nikaanza kubandua. Tepe zangu zilitoka upesi. Nilipofika kwenye ule mweusi nikasimama.

Kipa alichuchumaa karibu nami na glavu zake kubwa. "Nikusaidie?"

"Hapana."

Niliubandua mwenyewe, polepole. Chini yake palikuwa na ufa mrefu kama kidole, umejazwa gundi iliyokwisha kuwa ya manjano. Juu ya gundi kulikuwa na uzi, umezungushwa kwa ustadi wa mtu anayeshona gunia. Kaka yangu, aliyewacheka watu wa Kampala nzima, alikuwa ameficha mgonjwa wake tangu zamani.

Kipa aliinama akaangalia. "Marehemu alikuwa mwongo."

"Mwongo kabisa," nikasema, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yakaendelea kutoka nilipoacha kucheka. Kipa alinishikia gongo.

Refa alilipitisha kwenye pete, likapita. Kisha akalipapasa, akachomwa na kibanzi kwenye kiganja. "Sasa ni jembamba," alisema akijinyonya damu, "lakini haliingii uwanjani. Litaumiza mtu."

Sikubishana. Hata kaka asingebishana, angalau mbele za watu.

Msichana mmoja wa akiba alinipa gongo lake, jepesi, la rangi ya waridi. "Auntie, usilifunge utepe," akasema.

"Na hili la marehemu?" kipa akauliza.

"Liweke kwenye benchi. Litazame mechi."

Filimbi ikalia. Mpira wa kwanza ulinijia kutoka kulia, kwa kasi. Nikauzuia, nikamtafuta mwenzangu wa kati, nikampa.