Mukono Uliokanda Paja la Bibi

Ilianza siku ya nne, Alhamisi, saa kumi na moja na nusu ya magharibi. Najua saa kwa sababu niliangalia ile ya ukutani, nikihesabu dakika ambazo Neema alikaa mu chumba cha Bibi. Kumi na mbili. Kudunga shindano yenyewe haimalizi hata moja.

Neema ni binti ya shangazi yangu wa mtaa wa Kimanga, anasomea uuguzi. Bibi alianguka kwenye baraza na beseni ya nguo, kiwiko kikavunjika, munganga wa kituo cha afya akasema mifupa imekuwa myepesi ndani. Ndiyo maana anadungwa dawa kila magharibi, kwa miezi mingi.

Mbele ya hapo, kabla hajaanguka, mikono ya Bibi ilikuwa minye, mimi mjukuu wake. Minye namsuka, minye namkata kucha. Sasa wageni wakija anawaambia, "Neema iko na mukono mwepesi, hata sisikii." Kupitia mlango nilisikia Neema anauliza, "Bibi, jana ilikuwa kushoto, leo tunaenda kuume?" Na Bibi anacheka: "Weye ndiye unajua, munganga wangu." Munganga wangu! Nasema kweli, nilitamani Neema amuumize.

Neema alipotoka alinipa bakuli. "Mdogo wangu Bora, akisema inauma, muwekee kitambaa ya maji baridi, kidogo tu. Usikande, unasikia? Hata kidogo."

"Ndiyo, yaya," nikamwambia, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu.

Lakini kwetu kila mtu anajua kwamba baridi inaingia mu mifupa. Mtoto akidungwa, mama anamkanda na maji ya moto. Nikaingia kwa Bibi nikamwambia polepole, "Neema anataka kukuwekea maji baridi. Na ile mifupa yako?" Bibi alishtuka. Nikachemsha maji kwenye mbabula ya makaa, nikakanda paja lake na kiganja chote, mpaka nikatoka jasho. Alikunja uso, lakini akasema, "Aksanti, mwanangu." Hiyo ilinitosha. Nilifanya hivyo magharibi tatu.

Siku ya yenga, Jumapili, Neema alikuja pamoja na mama yake, wakakuta paja lililokuwa jekundu tu jana yake limekuwa jeusi na limevimba. Bibi akavuta kitenge chake chini.

"Acha. Mukono yako iko mubaya. Rudi kwenu."

"Bibi, minye?" Neema akauliza.

"Weye. Unaniua pole pole."

Shangazi akachukua mkoba wake. Neema alibaki amesimama na pamba mu mkono, akaniangalia. Minye nikaangalia chini. Kila mtu anajua niko mtu wa haya, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba sikusema kitu.

Siku hiyo na kesho yake Bibi hakudungwa. Mara mbili alisema dawa hiyo basi, hataitaka tena. Niliona anatembea akishika ukuta, nikawaza akianguka tena itavunjika nini. Na bado sikusema.

Siku ya pili, Jumanne, mama alitupeleka kituo cha afya. Infirmier, muuguzi wa pale, mzee wa mizaha, aligusa paja na kidole kimoja. "Shindano inaacha alama kidogo, inauma siku moja, inapita. Hii hapana. Hii muntu alikanda. Nani?"

Mama akaangalia Bibi. Bibi akaniangalia minye. Kisha akasema, "Ni minye mwenyewe."

"Kumbe! Bibi, na nguvu hiyo ungetusaidia kusukuma mitumbwi kule Kalundu!"

Wote walicheka isipokuwa sisi wawili.

Nyumbani alikaa kitandani, akapiga godoro ili nikae karibu. Nilijua anakuja kunigombeza. Hakunigombeza.

"Mwanangu, kuna siku moja ya kule kijijini Lubarika ambayo imekataa kunitoka kichwani. Nilikuwa na miaka kama yako. Kaka yangu alioa, na baba akaanza kusifu sombe ya muke wa kaka, majani ya muhogo anayopika. Ya kwangu, kimya. Basi siku ya wageni nilimwaga chumvi mu chungu yake, mikono miwili. Baba alitema mbele ya watu. Hawakumufukuza, hapana, walimucheka tu. Kila sherehe walimucheka, mpaka akaacha kupika watu wakiwepo. Minye nilisema nitangoja siku nzuri, nimuambie. Nilimuzika sijamuambia."

Alipangusa pua na kitenge.

"Wivu kila muntu iko nayo, hata minye na uzee huu. Ikikuja, uniambie: Bibi, niko na wivu. Nitacheka, halafu nitakupa nafasi. Lakini usiache ikushike mikono. Na mwili wa muntu si mahali ya kushindania. Waliosoma wakisema leo huku kesho kule, kitambaa ya baridi, bila kukanda, tunafuata. Ikizidi kuuma tunauliza kituo, hatuachi dawa. Minye pia nilikosea, nilimufukuza Neema bila kuuliza. Kesho nitamutumia neno langu. Lakini lako siwezi kulibeba. Usingoje siku nzuri."

Akaweka kiganja juu ya kichwa changu. "Mungu akupe mikono ya kutuliza watu, na kinywa isiyochelewa."

Kesho yake sikungoja chai. Nilitembea mpaka Kimanga na uniforme ya shule. Neema alikuwa uani anaosha sufuria, majirani wanachota maji, shangazi iko ndani. Nilisimama mbele yake.

"Yaya, ni minye nilimukanda Bibi. Uliniambia nisikande. Nilikuwa na wivu."

Neema hakuinua kichwa. Alisugua ile sufuria muda mrefu.

"Sema tena," akasema. "Mama hakusikia."

Majirani waliacha kuchota. Nikageukia mlango wa nyumba, nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua niko nayo.