Chini ya Meza ya Pasi

Bonge alikuwa mpiga pasi wa dobi mmoja, kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo la ghorofa. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mvuke na meza nzito ya chuma, ambayo mwenyewe aliiita mume wake kwa vile walishinda pamoja kutwa. Jina la Bonge alipachikwa kwa unene wake, akalizoea. Aliyemkera ni wifi yake, mke wa kaka yake, muuguzi mwembamba kama sindano, aliyemwambia mbele ya ukoo mzima apunguze kula. Tangu hapo walisalimiana shingo upande.

Asubuhi moja wifi alikuja kuchukua sare zake. Hata Bonge hajamkunjia vizuri, ukuta ukalia, taa zikazimika. Bonge alimdaka mkono akamvutia chini ya meza, na jengo likaporomoka.

Vumbi lilipotulia, giza lilikuwa totoro. Zege lililala juu ya meza. Goti la mmoja lilikuwa mbavuni mwa mwenzake. Walipiga mayowe hadi sauti zikawakauka. Bomba lililopasuka lilidondosha maji kwenye shuka, wakawa wanalikamua mdomoni kwa zamu.

Siku za mwanzo njaa ilimng'ata Bonge hadi akalia. Kisha ikapoa yenyewe, jambo lililomtisha zaidi.

"Wifi, mbona sisikii njaa? Ndiyo nakufa?"

"Hufi. Pumzi yako inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Yangu pia. Sukari ya mwilini imekwisha, sasa tunachoma mafuta."

"Yanachomwaje na mimi nasikia baridi?"

Wifi alijaribu kujigeuza, akashindwa. "Mwili unayavunja vipande vidogo, unavimwaga kwenye damu. Misuli inavitumia. Ubongo hauviwezi, kwa hiyo ini linageuza vingine kuwa chakula chake. Ndicho kinachonuka."

Wazo la kuliwa na mwili wake mwenyewe, tena mahali asipoweza hata kunyoosha mguu, lilimbana Bonge kuliko zege.

"Mimi nina akiba," alisema mwishowe. "Wewe je, ulivyo mkavu?"

"Hata mimi ninayo ya wiki kadhaa. Tuombe maji yasikatike." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuaibisha siku ile."

"Ulinichoma."

"Najua."

Walilala, wakaamka, wakagonga mguu wa meza kwa pasi iliyopoa, wakalala tena. Mara ya mwisho walipogonga, kuna mtu aligonga kujibu. Wazimamoto walikata zege taratibu, wakawatoa kupitia tundu. Bonge alikwama kiunoni, na wifi, aliyetangulia kutoka, alikataa kuondoka mpaka amwone.

Hospitalini Bonge alitaka sahani iliyojaa. Alipewa uji wa vijiko vichache, kwa kuwa mwili uliozoea kuchoma mafuta ukijazwa chakula ghafla unaweza kuzidiwa. Alimlaumu wifi yake, aliyelazwa kitanda cha jirani, kwa uji ule kwa kuwa naye ni muuguzi, wakagombana, muuguzi wa zamu akawanyamazisha wote wawili.

Siku hizi Bonge anapiga pasi barazani, mbele ya duka jingine. Mvua ikinyesha huburura meza hadi mlangoni, lakini ndani haingii. Nyumbani hulala mlango wazi. Wifi akija nyumbani humkuta kakaa kizingitini, naye huketi kando yake upande wa nje, wala hamwambii waingie ndani.