Nyuzi za Fedha za Kombe

Dorah alikuwa mtu wa Kajiado, Umasaini, na mtu wa kule ukimwekea shanga zilizokatika hawezi kuziacha hivyo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka 2006 alikuwa akifanya usafi kwa Madam Arwa, Dubai Marina, mama aliyewauzia matajiri sanaa za kale. Sebuleni ukutani zilining'inia fedha za watu wa Visiwa vya Solomoni: vipande vya kombe za baharini, vyekundu, vyeupe na vyeusi, vimetobolewa na kutungwa nyuzi kwa nyuzi. Kwao huko hulipia mahari na fidia ya damu. Madam alikuwa ameshazipatia mnunuzi.

Dorah wala hakuwa na habari nazo. Mama yake alikuwa mahututi nyumbani, na madam, ambaye ndiye kafeel wake, mdhamini wa kibali chake, na ndiye aliyefungia pasipoti yake kabatini, alikuwa ameahidi kumpa ruhusa ya kwenda kwao, yeye madam akirudi safari. Kesho, inshallah. Mkoba wa Dorah ulikuwa tayari mlangoni.

Sasa akipangusa vumbi huku machozi yanamtoka, kitambaa kikanasa. Uzi mmoja ukakatika, kombe zikamwagika sakafuni kama mahindi. Ee Mungu wangu. Alipiga magoti akaziokota mpaka chini ya kochi, akijua kabisa kwamba madam akiona hivi, pasipoti haitoki. Mama yake alimfundisha tangu utotoni kwamba uzi ukikatika mahali pamoja, ujue umeoza wote: toa, tupa, tunga upya. Basi akazikata na nyuzi zilizosalia, akatunga kila kitu kwa nailoni, nyekundu peke yake, nyeupe peke yake, mistari imenyooka. Nyuzi kuukuu za gome la mti akazitupa na takataka. Jamani, zilipendeza, msiseme hazikupendeza.

Madam aliporudi alisimama mbele ya ukuta, hata mkoba hajautua. Dorah akaeleza yote mwenyewe, akaomba msamaha.

"Kukatika si kitu," madam alisema taratibu. "Ungeniachia zilivyo, fundi angeziunga. Nyuzi ziko wapi, Dorah? Wazee wa huko visiwani ndio waliozisokota, wakapanga kila kipande mahali pake. Wewe umenitungia shanga za kwenu."

Dorah alishuka mbio hadi kwenye mapipa. Gari la takataka lilikuwa limepita. Akapanda tena, akamshika madam miguu, akamwambia mama yangu anakufa. Madam, aliyekuwa ndiyo kwanza anaweka simu chini, akasema mnunuzi amejitoa, khalas, yamekwisha, hapa hasafiri mtu mpaka hasara hii ijulikane inalipwaje.

Jioni kaka yake, Isaiah, alipiga simu. Mama amefumbua macho, alisema, anakuulizia. Akamwekea mama simu sikioni. Mama akauliza, kwa sauti iliyokuwa inaishia, anafanya nini huko muda wote huu.

"Nilikuwa natunga shanga, Mama. Uzi wa zamani nimeutupa wote, kama ulivyonifundisha."

"Vizuri, mwanangu," mama alisema. "Sasa njoo."