Kil ya Kilosa

Yule bibi kizee wa Uskoti niliyekuwa nikimtunza kule Stafford, pembeni mwa Houston, aliniuliza siku ya kwanza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Kilosa. Akafumba macho kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha kwao.

“Kil,” akasema. “Kanisa. La mtakatifu gani?”

Nikamwambia hakuna mtakatifu, kuna reli na mkonge. Alicheka mpaka nikamshikia kikombe.

Kwao Kil ni kanisa, kwa Kigaeli, lugha ya zamani aliyosemeshwa na mama yake. Inver ni pale mto unapomwaga maji. Glen ni bonde jembamba. Mtaa wake wenyewe uliitwa Glen kitu fulani, nao ni tambarare kama sinia. Nikamwuliza bonde liko wapi.

“Subiri mvua, utaliona.”

Mchana tulikaa dirishani. Yeye anataja ya kwao polepole, mimi namjibu ya kwetu: Mtoni, Bondeni, Mlimani. Kiyoyozi kinanguruma kama maji ya mbali. Kuna saa sikujua tuko nchi gani, wala sikutaka kujua.

Miezi ile binti yangu alinipigia kila jioni kutoka Carrollton, kando ya Dallas.

“Mama, hamia huku Dallas. Chumba nimesha-paint. Bibi unayemtunza naye anakwenda kwa mwanawe. Umebaki na nini huko Houston, mtaani Alief?”

“Nimebaki na baba yako.”

Baba yake tumemzika Houston. Nikiondoka, nani atampalilia kaburi?

Nilimweleza bibi. Akaegemeza kichwa kitini, nikadhani amesinzia. Kisha akasema Dallas ni kijiji cha kwao. Jina lilivuka bahari na watu wake.

“Maana yake nini?”

“Wanabishana. Mama yangu alisema ni mahali pa kulala, penye majani.”

“Kulala kwa kuzikwa?”

“Kulala kwa msafiri, mama. Kukikucha anaamka.”

Nikatazama nje. Majani ya uwanja wake yalikuwa yanainama na upepo, yote upande mmoja.

Jioni binti alipopiga sikumngoja aanze.

“Nakuja kulala tu. Na kila mwezi unanirudisha Houston nikapalilie.”

“Okay, Mama.”

“Usiniitikie Kiingereza.”

“Sawa, Mama. Utalala siku ngapi?”

Huu ni mwaka wa tatu nalala kwake, na jembe langu dogo halitoki kwenye buti la gari lake ila tukifika kaburini.