Tulivyompelekea Bwana Sefu barua ya rejista ili aiachie cherehani ya shangazi

Wakuu wa daftari hili, salaam.

Nyie wa benchi la mbele msiliweke juu ya dawati, ticha ana macho. Lisomeni chini kwa chini kama kawaida, ukimaliza mpe wa nyuma yako.

Wiki iliyopita mlijaza kurasa nne kwa hadithi ya shetani wa chooni. Yangu haina shetani. Ni kweli tupu, na anayebisha aje Kinondoni amuulize shangazi yangu. Asije tu wakati anakata nguo, ana mkasi mkononi.

Shangazi yangu, Mwanaidi, ana cherehani ya mkono aliyoachiwa na marehemu bibi. Hana shamba, hana minazi. Anakula kwa cherehani ile.

Alipoolewa Temeke na Bwana Sefu alikwenda nayo. Alipoachwa, talaka alipewa. Cherehani hakupewa.

Bwana Sefu ni karani wa ghala. Mfukoni kalamu mbili, moja haina wino, na zote anataka uzione. Shangazi akienda kuidai mali yake, jibu ni lile lile, tena mbele za watu:

"Mie mtu wa maandishi. Ukiwa na neno, niandikie."

Alijua shangazi hakusoma. Akasahau kwamba shangazi ana mie.

Nikaandika. Barua ya kwanza akapelekewa na jirani. Kimya. Ya pili nikaipeleka mwenyewe, akaipokea kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya. Kesho yake akatangaza barazani kwao kuwa hajaona barua ya mtu yeyote.

Wakuu, nilimpa mkononi! Lakini nitamwambia nani? Neno langu na neno la karani mwenye kalamu mbili, mnajua lipi lina uzito.

Na Ramadhani ikaandama. Kila anayetaka kanzu au gauni la Idd analeta kitambaa sasa. Shangazi akawa anashona kwa sindano ya mkono mpaka vidole vinatoboka, na vitambaa vingine anavirudisha. Mteja akirudishwa mwaka huu, mwakani hakupitii tena.

Baba akasema, "Mwachieni Mungu."

Nikamwambia Mungu tumemwachia, ila sijasikia Mungu akikataza kwenda posta. Kofi lilinipata. Pointi yangu ilibaki palepale.

Posta nilimkuta karani mmoja mpole. Akanifundisha. Barua ya rejista inaandikwa kitabuni, unapewa risiti, na bahasha inachorwa mistari ya buluu. Halafu ukitaka, inafungiwa kadi. Anayepokea anatia saini kwenye kadi, na kadi inarudi kwako.

Nikamwambia nataka kadi. Hata kama ni lazima niifuate kwa miguu.

Barua yenyewe niliandika mara tatu. Ya kwanza nilimwita jina la mnyama, nikakumbuka nimefunga, nikaichana. Ya pili ilikuwa na mashairi, nikaichana pia. Nikaelewa kwamba barua ya madai haitaki matusi wala machozi, inataka siku.

Ya tatu ikawa hivi: "Mimi Mwanaidi binti Saidi nakutaka unirudishie cherehani yangu ya mkono, ikiwa nzima, katika siku saba tangu kuipokea barua hii. Usipofanya hivyo nitakushitaki kwa Liwali. Nakala ninayo."

Shangazi akatia dole gumba. Alilibonyeza kama anamponda kunguni.

Anwani ya kurudishia kadi niliweka ya shule, maana kwetu hatuna sanduku la posta. Lilikuwa kosa. Kadi ilipofika, mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaishika juu akaniuliza huyu mwanamume anayetia saini kwa madaha hivi ni nani wangu. Nilieleza mpaka nikatoa jasho. Nadhani hata leo haamini.

Lakini saini ilikuwepo. Jina la Sefu, lenye mkia mrefu kama wa kishada.

Siku saba zikapita. Ya nane tukaenda kwa Liwali kufungua shauri. Tukapangiwa siku, zikiwa zimebaki tano tu Idd iingie.

Siku hiyo Bwana Sefu alikuja amepiga pasi mpaka kofia. Alikuja na shahidi wake, Mzee Kondo, jirani yake wa Temeke, ili aseme kuwa cherehani ile kaiona miaka mingi nyumbani kwa Sefu.

Sefu akasimama. Akasema kwa upole mtamu kuwa yeye hana ugomvi. Bibi huyu aliiacha cherehani kwa hiari yake, wala hajawahi kuidai. Angeidai, angepewa. Barua yeye hajaona. Leo anafedheheshwa bure katika mwezi mtukufu.

Liwali akatutazama. Akaanza kusema, basi kama hamkumdai, rudini nyumbani mkamdai kwanza, mje baada ya Idd.

Nilisikia shangazi akivuta pumzi. Baada ya Idd ya nini?

Nikasimama bila kuitwa. Nikatoa risiti, nakala na kadi, nikaziweka mezani. Askari akaniambia kaa chini wewe binti. Sikukaa.

Liwali akaisoma kadi. Akamuuliza Sefu, hii saini yako?

"Hapana, bwana. Mtu amenighushi. Mie posta sikufika."

Hapo Mzee Kondo akakohoa. Kumbuka kafunga, na katoka Temeke kwa miguu.

"Sefu," akasema, "mwogope Mungu. Si wewe uliyenitoa nyumbani na saumu yangu, mie na Juma seremala, tukasimame dirishani posta? Karani wa posta alikwambia ulete watu wanaokujua. Tukamwambia ndiye, huyu ndiye Sefu. Ukatwambia ni bahasha ya mistari, kaka yako wa Mombasa kakuletea zawadi, tutafuturu kwako. Ukaifungua palepale, ukakunja uso, ukaondoka. Futari sikuiona mpaka leo."

Akamgeukia Liwali.

"Sasa bwana, kama hakuwa yeye, mie nilimshuhudia nani?"

Watu waliangua kicheko, hata askari. Wakuu, pale Temeke bahasha ya mistari ya buluu ndiyo watu hutumiana hela, maana yake neema imekuja, na neema haipokelewi kimyakimya. Kujigamba kulimfanya abebe mashahidi wawili, akawalipa kwa njaa.

Liwali alijifuta macho. Akasema cherehani irudi leo leo, kabla ya magharibi.

Ikarudi kwa mkokoteni, imejaa vumbi, bila kile kifuniko chake cha mbao. Bwana Sefu alituma maneno kuwa kifuniko hakijui.

Baba akasema, "Shukuruni. Kifuniko tu hicho, msimkere zaidi mtu mzima."

Shangazi akaipangusa vumbi cherehani yake. Akaitia mafuta, akauzungusha mpini wake taratibu, akasikiliza. Akashona mshono mmoja kwenye kitambaa cha kanzu, akaukata uzi kwa meno. Kisha akaniita.

"Mwanangu, kalete kalamu."

Basi nilichojifunza ni hiki. Mtu akikwambia "niandikie" kwa kukudharau, mwandikie. Andika unachotaka na mwisho wake lini, weka nakala, na usimwachie hata tundu la sindano la kusema sikuona. Na ukiambiwa kaa chini wewe binti, jifanye kiziwi kidogo.

Chini hapa nimeacha nusu ukurasa. Aliyewahi kunyimwa haki yake na mtu mwenye kalamu nyingi aandike. Hata nyie mnaosema msichana hafai kusimama mbele ya Liwali, andikeni. Ila mtie saini.