Mishipa Iliyovuliwa Ganda

Mwanangu, hainitoki akilini asubuhi ile dada yangu Mwajuma aliposhindwa kusimama. Tulikuwa tunaishi Kimamba, mimi kijana fundi baiskeli, yeye mwanafunzi wa kidato cha tatu Kilosa. Jana yake alikuwa amelalamika kwamba nyayo zinamfa ganzi. Asubuhi miguu ikagoma. Hadi jioni mikono nayo ilikuwa imelegea, hata kijiko hakishiki.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukisoma yale ya kundi la simu la mtaa wetu, kwamba mama muuza mboga ndiye aliyemroga mtoto wa jirani. Ulikuwa unacheka, lakini ulikuwa unaamini. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiwa na umri wako.

Mimi nilikuwa mtu wa kushuku. Mtu akinichangamkia sana, najiuliza anataka nini. Akininunia, najiuliza anaficha nini. Basi Mwajuma alipolegea sikuuliza ni ugonjwa gani, niliuliza ni nani. Na jibu nilikuwa nalo tayari: Bibi Chausiku, mjane wa nyumba ya pili, ambaye wazazi wake walikuja kutoka mbali kukata mkonge. Aliishi peke yake, hakuwa mtu wa maongezi, na majuma mawili nyuma alikuwa amempa Mwajuma bakuli la kunde. Nilitaka ushahidi gani tena?

Nikawaambia wenzangu pale nilipokuwa nikifanyia kazi. Sikuwatuma, mwanangu. Niliwaambia tu, na nilijua wangefanya nini. Mimi nikiwa njiani kumpeleka dada hospitalini Kilosa, wao walikwenda wakang'oa mlango wa yule bibi, wakavunja vyungu vyake, wakamwambia ahame siku hiyo hiyo. Akaondoka na kanga mbili na sufuria moja.

Hospitalini daktari akatuambia kwamba kinga ya mwili wa Mwajuma, ile inayopigana na maradhi, imekosea adui. Inashambulia ganda la mishipa ya fahamu. Akauliza kama aliwahi kuharisha hivi karibuni. Mama akasema ndiyo, tuliharisha nyumba nzima baada ya sikukuu. Daktari akaitikia kwa kichwa, akasema mara nyingine ugonjwa huu hufuata kuharisha. Nilidhani anatupoza.

Siku ya tatu akaja Mwalimu Tabu, aliyekuwa akimfundisha Mwajuma biolojia. Alinikuta jikoni kwa ndugu wanaouguza wagonjwa, nyuma ya wodi, nikimpasua kambale wa mchuzi wa mgonjwa. Nikampa shikamoo shingo upande. Hata yeye nilimshuku, kwa nini amekuja mwenyewe? Nikamuuliza hilo ganda ni kitu gani, maana sijawahi kuliona kwa mtu yeyote.

Akachukua kisu changu, akamfungua kambale mgongoni, akanionyesha uzi mweupe uliopita ndani ya uti wa mgongo.

"Weupe huu ndio ganda lenyewe, ni mafuta," alisema. "Kuna seli zinazolea mishipa ya fahamu. Zinajiviringisha juu yake, tabaka juu ya tabaka, ili habari ipite upesi kutoka ubongoni hadi mguuni. Kambale anazo, chura anazo, tembo wa Mikumi anazo, na dada yako anazo. Lakini wapo samaki wa asili ya kale sana, wasio na taya, ambao hawana ganda hili. Kwao habari inakwenda polepole, isipokuwa mshipa uwe mnene. Mtu angeumbika hivyo, uti wake wa mgongo ungekuwa kama gogo."

"Kwa hiyo ganda lilianza lini?"

"Kwa samaki wa kwanza wenye taya, zamani mno. Seli walezi zilikuwapo kabla yao, zikikaa tu kando ya mishipa. Kwao ndiko zilikoanza kujiviringisha, na sisi sote tumerithi."

Nikacheka kwa dharau. "Nani alikuwapo akaona?"

"Hakuna aliyeona. Tunapanga viumbe, tunalinganisha mmoja baada ya mwingine, na akitokea mmoja wa kutupinga tunaanza upya." Akaniangalia usoni. "Na wewe, ulimwona Bibi Chausiku akitia kitu kwenye kunde?"

Kumbe habari zilikuwa zimeshafika Kilosa. Nikasema sikumwona.

"Mwingine aliyekula kunde zile aliugua?"

Mama alikula. Hakuugua.

"Mama yako ameniambia mliharisha wote baada ya sikukuu. Siku hiyo mlikula nini?"

Mwanangu, nilikaa chini. Tulikula kuku. Niliyemchoma ni mimi, na nilimtoa motoni ndani bado mwekundu kwa haraka ya kula.

Mwalimu hakunicheka. Alisema, "Hata hilo hatuna hakika nalo. Lakini hukulifikiria kabisa."

Seli zile hurudi kufunika, taratibu. Mwajuma alilala miezi, akajifunza kutembea kama mtoto, na leo analima mwenyewe.

Alipoweza kusimama nikaenda Mikumi, ambako Bibi Chausiku alikuwa akiwauzia madereva wa malori chakula kando ya barabara kuu. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo. Alimaliza kupakua wali wa mteja kwanza.

"Marahaba. Dada yako anatembea?"

"Anatembea, bibi. Nimekuja kuomba radhi. Mlango nimeutengeneza. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sirudi. Kila mtoto akiugua pale, watanitazama mimi."

Hakurudi hadi alipofariki.

Mimi bado ni mtu wa kushuku, na sikukatazi kushuku, maana waongo wapo. Ila ukishuku, anza na wewe mwenyewe. Uliza nini kabla ya kuuliza nani. Tafuta kitu kitakachokukanusha, na usilitoe jina la mtu mdomoni wala kwenye simu kabla hujakitafuta. Ganda la mshipa huota tena, nimeliona kwa Mwajuma. Jina la yule bibi sikuweza kulirudisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na ulimi wa jirani, na amlinde jirani na ulimi wako. Amina.