Sikuwaimbia

Nilirudi Isiolo nikiwa nauchukia wimbo wangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na watu niliowachukia si wachache. Uliitwa Kiatu, na ulikuwa wimbo wa upuuzi. Msichana ameenda dansi, kisigino cha kiatu kimekatika, anauliza ni nani atakayembeba mpaka nyumbani. Basi, hakuna kingine ndani yake. Kiongozi wa bendi yetu aliutunga hotelini akingoja chapati, mimi nikauimba kwa sauti ya kudeka kama alivyonielekeza, na redio ikaupiga mpaka nadhani hata mbuzi wa mtaani kwetu Bulla Pesa waliujua.

Katikati ya miaka ya sabini sura yangu ilikuwa kwenye jalada la santuri, nimevaa suruali pana chini na viatu vya soli nene. Watu wanadhani hiyo ni raha. Kila mwanamume niliyekutana naye, awe karani, awe polisi, awe mwenye duka, alijiona ndiye wa kwanza duniani kuniuliza, "Nikubebe?" Halafu anacheka mwenyewe. Baba yangu alipofariki nikaja nyumbani, mmoja wa waliokuja kutoa pole alininong'onezea hilo hilo mlangoni, na mimi macho mekundu kwa kulia. Sikumtukana kwa sababu ya maiti. Ningemkuta mahali pengine angeipata.

Kilichonitoa kwenye bendi ni mchezo wa kuigiza nilioingia kuutazama Nairobi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja, wala si mrembo, aliigiza mjane anayefukuzwa shambani. Alisimama tu, ameshika kikapu, hasemi neno, na ukumbi mzima ukatulia tuli. Hakuna aliyempigia mluzi. Niliona wivu. Nilikuwa nimepigiwa makofi miaka yote ile na sikuwahi kunyamaziwa hata mara moja. Nilitaka watu waninyamazie.

Nilimfuata mkuu wa kundi lile la maigizo, mzee mwenye miwani na dharau ya wasomi. Hakunikaribisha hata kiti.

"Dada, kazi yako ni kutingisha kiuno," aliniambia. "Watu wakikuona watangoja uimbe. Mimi sitaki watu wanaongoja."

Nilirudi kwake kila siku mpaka akachoka na uso wangu. Mwishowe akasema kuna mwalimu wa sekondari kule kwetu, aliyekuwa mwanafunzi wake, anatayarisha mchezo na watu wa mji. Niende nikaigize huko, yeye atakuja kutazama. Nikiumaliza mchezo bila kuimba na watu wakatulia, atanichukua kwenye kundi. Wakinishinda, nisimsumbue tena. Alitabasamu akisema hivyo, maana alijua fika kwamba hakuna mji uliokuwa umeushikilia wimbo ule kama Isiolo. Alikuwa na roho mbaya yule mzee, na sitampamba leo kwa sababu amekufa.

Basi nikarudi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwa mama yangu Bulla Pesa. Mama aliitikia salamu yangu bila kuinua macho kwenye sufuria. Kwake binti aliyeimbia walevi alikuwa aibu, na binti aliyeacha kuimba ili aigize alikuwa aibu ile ile imebadilisha nguo tu.

Mwalimu ndiye aliyeuandika mchezo, na niseme ukweli, aliuandika vizuri. Ulihusu mama ambaye mwanawe wa pekee anauawa kwa mkuki kwenye kisima, upande wa Kipsing, watu wakigombania maji. Maiti inaletwa, inalazwa kwenye mkeka, mama anakaa kando yake. Wazee wanabishana kuhusu kulipiza kisasi. Tangu hapo mama hasemi lolote, halii, anakaa tu. Mwishoni kabisa anasema maneno matatu: "Kifukieni kile kisima." Hapo mchezo unaisha. Mimi ndiye nilikuwa mama huyo, na ukimya ule ndio nilioujia.

Lakini mwalimu mwenyewe alikuwa mwoga. Mazoezini alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dada una kipaji, dada mzee atakupenda, halafu papo hapo, "Pale mwisho, ukiweka kaubeti kamoja tu ka Kiatu..." Nilimwambia ng'o. Akacheka, akasema alikuwa anatania.

Siku ya mchezo asubuhi nilikuwa sokoni Wabera nanunua nyanya nikasikia Landrova ya kipaza sauti inapita. "Njooni nyote ukumbini! Leo mchana, yule yule wa Kiatu, atawaimbia yeye mwenyewe!" Nyanya nilimwachia muuzaji pale pale. Nilimkuta mwalimu anapanga viti, nikamwuliza ni shetani gani amemtuma.

"Watu hawatatoka nyumbani kuja kutazama kilio," akanijibu. "Kilio wanacho. Wewe kaa matanga yako, ukimaliza uwaimbie kidogo, kila mtu aende kwake amefurahi."

"Nikiimba mzee anaondoka."

"Mzee ni mtu mmoja," akasema, na akaendelea kupanga viti.

Mchana ukumbi ulifurika, mabati yanawaka juu, vijana wamening'inia madirishani. Wanaume walikalia mabenchi. Wanawake walikaa chini mbele, na kati yao alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akituletea maziwa ya ngamia nyumbani kila asubuhi. Watu wake walikuwa wafugaji wa upande wa Kipsing. Hakuwa na redio, na wimbo wangu hakuujua wala hakuna aliyemsumbua nao. Alikuwa amekuja kwa sababu alisikia habari za kisima zitazungumzwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, niliiona miwani ya mzee wa Nairobi.

Nilipotokea tu, wakaanza. Mabenchi yakapigwa, miguu ikagongwa sakafuni, "Kiatu! Kiatu!" Nilisema maneno yangu ya mwanzo hakuna aliyeyasikia. Nikaendelea. Maiti ikaletwa, ikalazwa, nikakaa kwenye mkeka. Kelele ikapungua kidogo, nikadhani nimewapata. Hapo ndipo mwanamume mmoja akasema kutoka benchi la katikati, kwa sauti ya starehe kabisa, "Mama, nikubebe?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Maiti yangu, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli pale stendi, naye akaanza kutetemeka chini ya shuka. Nilimfinya paja mpaka akafa tena. Pembeni, nyuma ya pazia, mwalimu alikuwa ananionyesha kwa mikono, imba, imba. Mzee wa Nairobi alikuwa ameinuka na anavaa koti lake. Nilihisi chuki ambayo sijawahi kuihisi tena. Niliwachukia wote waliokuwa mle ndani mmoja mmoja, na nikaapa moyoni kwamba watanitoa pale wameniburuta lakini mdomo wangu hautafunguka kuimba. Nikakaa. Nikaendelea kukaa peke yangu na lile shuka, wakicheka.

Yule mama wa maziwa akainuka. Alivua viatu vyake chini ya jukwaa, akapanda, akaja akaketi kwenye mkeka bega kwa bega na mimi, akanifunika kichwa kwa upande wa mtandio wake. Halafu akawageukia watu.

"Nyinyi watu gani?" akawauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha lakini kilifika kila pembe. "Mtu amefiwa, anakaa matanga peke yake, nyinyi nacheka?"

Huku kwetu hakuna mwanamke anayeachwa akae na maiti peke yake. Unaweza kuwa humpendi, unaweza kuwa hamsemezani tangu mwaka juzi, lakini utakwenda ukae kwenye mkeka wake, na asiyekwenda atatajwa mpaka uzeeni. Wanawake wa pale mbele waliangaliana. Mmoja akavua viatu, na mwingine, wa msikitini na wa kanisani, wakapanda wote. Walikuja wakinisalimia chini chini jinsi ya kumsalimia mfiwa, wakajaa kwenye jukwaa mpaka waigizaji wa wazee wa kisasi wakakosa pa kusimama.

Wanaume wakanyamaza. Msiniambie waliguswa na sanaa. Waliwaona mama zao na wake zao wamekaa matanga, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwapigia mluzi. Kofia zikaanza kuvuliwa. Mimi nilikuwa nimekasirika, maana huo haukuwa mchezo wangu tena. Nilikuwa nimekuja kuwanyamazisha mimi, kwa kipaji changu, na sasa walikuwa wamenyamazishwa na muuza maziwa.

Akanishika mkono, akaniuliza polepole, "Alikuwa wako wa pekee?"

Ningeweza kumwambia, mama, huu ni mchezo. Mzee wa Nairobi alikuwa amesimama mlangoni na mkono mmoja wa koti haujavaliwa.

"Wa pekee," nikasema. Kisha nikawatazama wale wanaume wa mabenchini, kila mmoja nimemchukia vya kutosha, nikawaambia, "Kifukieni kile kisima."

Hakuna aliyepiga makofi. Nani hupiga makofi matangani? Walitoka kimya, na wengine wakapita kwanza mbele ya jukwaa kuniambia pole. Yule wa "nikubebe" sijui alipitia mlango gani. Mzee akaja mwisho, akaniuliza kama wale kina mama niliwapanga. Nikamwambia awaulize wenyewe. Akasema nifike Nairobi Jumatatu asubuhi na nisichelewe.

Nikachukuliwa. Niliigiza wajane, wachawi, wake wa machifu, mara moja hata hakimu, na nilikuwa mzuri, sitangoja mtu mwingine aseme. Isiolo hakuna aliyenitajia kiatu tena. Nikipita sokoni watu walishusha sauti, wauza mitumba wakanipisha njia. Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani ndiyo heshima ya mwigizaji.

Mama yangu ndiye aliyenieleza, na aliniambia kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuvumilia peke yake muda mrefu. Mji ulikuwa umelizungumza jambo lile ukalimaliza. Walisema mtu hawezi kukaa matanga namna ile kama hajawahi kuzika. Basi lazima nilizaa Nairobi, wakati ule wa bendi, bila ndoa, mtoto akafa, na ndiyo maana nikaacha kuimba. Si nilisema mwenyewe mbele ya watu wote kwamba alikuwa wa pekee?

Sikulala kwa hasira. Miaka ile yote nilikuwa naitwa msichana wa kiatu, na sasa nilikuwa mama wa marehemu, na mwigizaji hakuna aliyemwona hata mmoja. Kila nilivyoigiza vizuri ndivyo walivyozidi kuwa na hakika na kaburi langu. Nilimwuliza mama kwa nini hakuwakanya. Akasema alijaribu, wakamwambia pole.

Baadaye niliolewa, na katikati ya miaka ya themanini nikajifungua mtoto wa kiume. Nikamleta Isiolo akiwa wa kubebwa mgongoni. Jirani wakajaa uani kwa mama, na mama wa maziwa akaja pia, amezeeka, chombo chake cha maziwa mkononi. Alimpokea mtoto, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso jinsi watu wake wanavyofanya, akamtazama muda mrefu.

"Mungu amekurudishia," akaniambia, na machozi yakamtoka.

Damu ilinichemka. Amerudisha nini? Nilikuwa na maneno yote tayari: kwamba hakukuwa na mtoto, kwamba chini ya lile shuka alikuwa fundi wa baiskeli mnayemjua nyote, asubuhi yake aliwazibia pancha. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Mama yangu alikuwa ameacha kukoroga chai, anangoja kusikia nitakavyojibu, kwa sababu jina lililokuwa linachafuliwa pale lilikuwa lake pia. Na mbele yangu alikuwa huyu mama wa maziwa analia, mtu wa pekee aliyepanda jukwaani siku ile wengine wote wakinicheka. Ningesema ule ulikuwa uigizaji, angekuwa mjinga mbele ya wenzake, na mimi ningerudi kuwa msichana wa kiatu aliyewachezea watu matanga.

"Amina," nikasema.

Mama akarudi kwenye chai yake. Mwanangu ni kifungua mimba, lakini Isiolo mpaka leo wanamwita wa pili.